Kibaba, Pishi na Choroko: Tuliyojifunza Nyumbani Pamoja na Watoto

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini Tanzania, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha sita, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wa awali na msingi hawakurudi madarasani hadi tarehe 29 Juni. Binti yangu mkubwa alikuwa na umri wa miaka mitano na ndiyo kwanza ameanza darasa la awali Januari ile. Mdogo wake wa kiume alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Tulikuwa tukiishi Ngamiani, jijini Tanga, ambako tunaishi hadi leo, watu sita katika nyumba moja yenye ua mpana: mimi na mume wangu, watoto wawili, mama mkwe wangu ambaye watoto humwita Bibi, na wifi yangu mdogo aliyekuwa akisomea ualimu wa elimu ya awali na ambaye naye alirudi nyumbani chuo kilipofungwa.

Hatukuwa na vifaa vya kujifunzia vya kununua dukani, na sidhani kama vingetufaa kuliko vile tulivyokuwa navyo tayari: mchele, choroko, maji, mchanga, vifuniko vya soda, baiskeli ya mume wangu na ufuko wa Sahare. Katika miezi ile, na katika miaka iliyofuata ambapo tuliendelea na mtindo huohuo jioni na siku za mapumziko, niliamini jambo moja ambalo bado naliamini kwa dhati: mtoto mdogo hujifunza kwa kina anapopewa kazi ya kweli, yenye mwisho unaoonekana, akiwa na vitu halisi mikononi mwake, na mtu mzima aliye karibu naye akajizuia kutoa jibu kabla mtoto hajawa na swali.

Somo la kwanza ambalo naweza kuliita somo lilitokea mwezi Mei, siku chache kabla ya Idi, Bibi alipotandika jamvi barazani ili apime mchele wa zaka ya fitri. Zaka hiyo hutolewa kwa ajili ya kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, na kipimo chake kwetu ni pishi moja kwa kila kichwa, ambayo kwa mizani hukadiriwa kuwa kilo mbili na nusu hadi tatu. Pishi moja ni vibaba vinne, na Bibi anacho kibaba chake cha bati, kilichobonyea kidogo upande mmoja, ambacho hataki kusikia kikibadilishwa. Binti yangu aliomba apime yeye. Bibi akamkubalia, akampa kipande cha ubao, akamwambia, "Jaza, mjukuu wangu, kisha futa, ndipo uhesabu." Mtoto akajaza hadi mchele ukafanya kichuguu juu ya mdomo wa kibaba, akapitisha ubao, mchele uliozidi ukamwagika kwenye ungo. Akautazama ule uliomwagika, akauliza, "Bibi, huu nao si mchele? Mbona hatuuhesabu?"

Bibi akamweleza kwamba kipimo kilichofutwa ni cha mfuto, na kile chenye kichuguu juu ni cha shumbi, na kwamba tofauti ya hivyo viwili ilikuwa ikiwagombanisha watu sokoni tangu yeye akiwa msichana. Angeweza kuishia hapo, lakini alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: alimwambia binti yangu akusanye zile shumbi zote katika bakuli moja ili ajionee mwenyewe ni shumbi ngapi zinatengeneza kibaba kizima. Mtoto wa miaka mitano akakaa nusu saa akijaza, akifuta na kukusanya, bila kusukumwa na mtu, na alipogundua kwamba shumbi chache tu zilikuwa zimezaa kibaba kingine alikimbia uani kuja kuniita, akiwa ameshika bakuli kwa mikono miwili kana kwamba limejaa maziwa.

Kisha kukaja shida ya kuhesabu. Watu sita ni pishi sita, na pishi sita ni vibaba ishirini na vinne, lakini binti yangu wakati ule alikuwa akifika kumi na tisa anapotea. Bibi hakumkaririsha namba. Alichukua komwe kutoka kwenye mfuko wa bao, akamwambia kwamba kila kibaba kikiingia kwenye gunia, aweke komwe moja jamvini. Kazi ilipokwisha, mtoto alikuwa na safu ndefu ya komwe, na Bibi akamwomba azigawe nnenne. Zikatoka mafungu sita. Akaanza kuyataja kwa kidole: hili la Baba, hili la Mama, hili la Bibi, hili la Shangazi, hili langu, hili la mdogo wangu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mbona yeye mdogo na fungu lake ni sawa na la Baba?" Swali hilo Bibi alilijibu kwa urefu, na jibu lake halikuwa la hesabu, lakini mimi niliyekuwa nikisikiliza kutoka jikoni niliona kwamba mtoto alikuwa ameelewa kuzidisha, kugawanya na usawa wa vipimo katika asubuhi moja, kwa sababu mchele ule ulikuwa na pa kwenda na watu wa kuupokea. Karatasi za mazoezi zenye michoro ya maembe matano na maembe matatu, ambazo alizimaliza kwa haraka na kwa uchovu, hazikuwahi kumfanya aulize chochote.

Wifi yangu ndiye aliyetupa majina na hoja za mambo tuliyokuwa tukiyaona. Siku moja alichukua bilauri mbili pana zinazofanana, akazijaza maji kiasi kilekile mbele ya watoto wote wawili, wakakubaliana kwamba ni sawa. Akamimina maji ya bilauri moja kwenye chupa nyembamba na ndefu, akauliza wapi kuna maji mengi. Wote wawili wakaonyesha chupa. Akatueleza kwamba mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilifanya jaribio la namna hiyo na watoto wengi katika karne iliyopita, na akaonyesha kwamba kwa kawaida mtoto ambaye hajafikia miaka sita au saba huamua kwa kutazama kimo cha maji, bado hajashika kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadilisha chombo. Nilipotaka kumsahihisha binti yangu, wifi alinigusa mkono na kusema, "Muache, dada, mpe chupa tu." Tukawaachia ndoo ndogo, chupa na kibaba kile cha bati.

Walimimina maji asubuhi nzima. Mdogo alifurahia mmimino wenyewe, na hilo nalo lina faida yake, kwa maana mkono unaojifunza kumimina bila kumwaga ndio utakaoshika kalamu bila kutetemeka. Mkubwa, siku zilivyopita, alianza kupima: kibaba kimoja kwenye bilauri, kibaba kimoja kwenye chupa, kisha kurudisha. Wiki kadhaa baadaye, wifi aliporudia jaribio lilelile, binti yangu alisema kwa sauti ya mtu aliyekerwa na swali, "Shangazi, ni kibaba kilekile." Mdogo wake bado alionyesha chupa, na tulimwachia chupa yake. Ninasisitiza hapa kwa sababu wazazi wengi tunaona aibu mtoto anapotoa jibu lisilo sahihi mbele ya wageni, tunalikimbilia jibu hilo kulirekebisha, na mtoto anajifunza kutazama uso wa mtu mzima badala ya kutazama maji.

Choroko zilitupa mafunzo mengine. Ukiloweka choroko usiku mmoja na kuziweka kwenye pamba yenye unyevunyevu, katika joto la Tanga huchipua baada ya siku moja au mbili, na kwa mtoto mdogo upesi huo ni muhimu mno, kwani kungoja kitu kwa siku kumi ni sawa na kutokingoja kabisa. Tulichukua bilauri za kioo, tukaweka pamba katikati, na choroko tukazibana kati ya pamba na kioo ili mizizi ionekane. Bilauri moja tuliiweka dirishani, nyingine kabatini gizani, nyingine tukaiacha bila maji. Ile isiyo na maji haikubadilika. Ya kabatini iliwashangaza zaidi, kwa maana miche yake ilirefuka kuliko ya dirishani, na binti yangu akaamua kwamba giza ni zuri kwa mimea. Tulimwachia uamuzi wake. Baada ya siku chache miche ya gizani ikawa myeupe, laini, ikalala, na ile ya dirishani ikawa mifupi, ya kijani na imesimama imara, ndipo yeye mwenyewe akaja na maneno mapya: "Hii ilikuwa inakimbia kutafuta jua."

Jaribio nililolipenda kuliko yote lilikuwa la kulaza bilauri ubavu. Mizizi ya choroko ilikuwa imeshaelekea chini. Tulipoilaza bilauri mezani, mizizi ikawa imelala mlalo kama mtu aliyejinyoosha. Kesho yake ncha za mizizi zilikuwa zimepinda, zinaelekea chini upya. Tukaigeuza upande mwingine, zikapinda tena. Mtoto wangu wa kiume, ambaye hakuwa na maneno mengi wakati ule, alikuwa akiamka na kwenda moja kwa moja kuzitazama, anaweka kidole kwenye kioo na kufuata mpindo wa mzizi kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyemwambia neno "mvutano", yaani nguvu ya dunia inayovuta vitu chini. Alikuja kulisikia darasani akiwa mkubwa, na nina hakika kwamba lilipofika lilikuta mahali pa kukaa.

Mume wangu alikuwa akidhani kwamba shughuli hizi ni za akina mama, mpaka baiskeli yake ilipopata pancha. Tanga ni mji wa baiskeli, na pancha si habari, lakini siku ile watoto walichuchumaa kando yake tangu alipotoa tairi. Alijaza pumzi tyubu, akaizamisha kidogokidogo kwenye besheni la maji, akaizungusha taratibu, na mahali fulani mapovu madogo yakaanza kupanda, moja baada ya jingine, kama shanga kwenye uzi usioonekana. Binti yangu akauliza kwa nini pumzi inapanda juu badala ya kubaki kwenye maji. Baba yake akamrudishia swali: "Wewe unaonaje?" Akajibu kwamba pumzi haipendi maji. Akaleta chupa tupu, akaisukuma chini ya maji mdomo ukiwa umetazama chini, akaona maji hayaingii, akaiinamisha kidogo, povu kubwa likatoka, na maji yakaingia kuchukua nafasi yake. Aliirudia kazi hiyo mpaka gundi ikakauka na kiraka kikabanwa. Tangu siku ile mume wangu huwaita watoto kila anapofungua kitu: kufuli, redio, feni, bomba la maji lililokwama. Huwapa bisibisi, huwaruhusu kufungua parafujo moja, na huwaachia kazi ya kuzipanga parafujo kwa ukubwa ili zisipotee.

Kipande cha msasa kilichobaki kutoka kwenye kazi ile ya pancha ndicho kilichotuingiza kwenye herufi. Wifi alikikata kwa umbo la herufi, akazibandika kwenye vipande vya boksi, akamfundisha mtoto kuzifuata kwa ncha ya kidole huku akitamka sauti yake. Alisema kwamba mbinu hiyo ni ya Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo jijini Roma, mtaa wa watu maskini, na ambaye pia aliwapa watoto kazi za kumimina nafaka, kufunga vifungo na kufagia. Habari hiyo ilinitia moyo sana, kwa kuwa wengi wetu tunalijua jina la Montessori kama jina linaloandikwa kwenye mageti ya shule za ada kubwa, na hatukuwahi kuambiwa kwamba mambo haya yalianzia kwa watoto wa vibarua.

Baada ya herufi za msasa tulihamia kwenye silabi. Tulikusanya vifuniko vya soda kutoka kwenye genge la jirani, mume wangu akavipiga nyundo kingo zake hadi zikalala na kuacha kukata vidole, na juu ya kila kimoja tukabandika karatasi yenye silabi moja: ma, me, mi, mo, mu, ba, be, bi, bo, bu, na nyinginezo za k na d. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akiwa na silabi ishirini tu mkononi anaweza kujenga maneno mengi peke yake. Binti yangu alianza na mama, baba, kaka, dada, kisha akapata "kuku", akapata "kiboko", halafu akaanza kuunda maneno yasiyokuwepo, "bomuka", "dakimo", na kuyasoma kwa sauti kubwa. Nilikuwa karibu kumkataza. Wifi akanieleza kwamba mtoto anayesoma neno lisilo na maana anathibitisha kwamba anasoma kweli, maana hawezi kuwa amelikariri. Kwa mzazi ambaye mtoto wake atakutana na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika darasa la kwanza na la pili, sijui shughuli iliyo rahisi na yenye manufaa kuliko hii ya vifuniko.

Mikono yenyewe inahitaji kuandaliwa kabla ya kalamu, na maandalizi hayo yako jikoni. Kupambua kunde, kumenya mbaazi mbichi, kuchambua mchele kwenye ungo, kukamua nguo ndogo, kubana na kubandua vibanio kwenye kamba, zote hizi hujenga vidole vitatu vinavyoshika kalamu. Bibi aliwapa pia vipande virefu vya ukindu na kuwaonyesha mwanzo wa kusuka ukili. Mdogo alivichana tu. Mkubwa alijitahidi kwa siku nyingi, akapata kipande kifupi kilichopinda ambacho hakifai kushonwa kwenye mkeka wowote, lakini katika kukisuka alikuwa akijisemea, "Juu, chini, juu, chini, geuza," na huo ndio mpangilio unaorudiwa ambao walimu wa hesabu huutafuta kwa watoto.

Bao nalo lilitumika. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na sheria zake kamili ni nzito hata kwa mtu mzima, lakini liko bao la kujifunza, na kabla hata ya hilo mtoto anaweza kufurahia kutembeza kete tu, moja kwa kila shimo, bila kuruka. Kugawa kete moja kwa shimo moja ndiko kuhesabu kwenyewe.

Ngamiani pia ina bahati yake: barabara zake zinaitwa kwa namba, na mtoto anayetumwa pamoja nawe kutoka barabara ya nane hadi ya kumi na mbili hutembea juu ya hesabu. Nikienda soko la Mgandini nilikuwa nikimwuliza binti yangu tumevuka barabara ngapi, zimebaki ngapi, na tukirudi namba zitapanda au zitashuka. Hatukuhitaji daftari.

Mafunzo ya Sahare yalichukua muda mrefu zaidi. Jioni tulizoweza kushuka ufukoni, binti yangu alichomeka kijiti pale maji yalipofika saa kumi. Kesho yake saa kumi ileile maji yalikuwa mahali pengine, na alihisi kama amedanganywa. Mvuvi mmoja mzee alikuwa akikarabati wavu karibu. Mtoto akamsogelea, akamwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," na akamwuliza kwa nini maji hayaji kwa wakati. Mzee akamwambia kwamba bahari haifuati saa ya ukutani, inafuata mwezi, na kwamba kila siku maji huchelewa kidogo. Ucheleweshaji huo ni wastani wa dakika hamsini hivi kwa siku, kwa maana mwezi nao huchelewa hivyohivyo kuchomoza. Akamwonyesha pia alama za maji kwenye nguzo: hapa maji ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu; pale maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Katika pwani yetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua huzidi meta tatu, na mtoto aliyesimama chini ya nguzo ile akatazama alama ya juu akiwa mkavu miguu, hahitaji kuambiwa kwamba hilo ni jambo kubwa.

Tulirudi nyumbani tukaanza kuchora mwezi. Kila usiku wa anga safi binti yangu alichora umbo lake kwenye kisanduku kimoja cha kalenda ya ukutani, na siku tuliyokwenda Sahare aliandika kando kama maji yalikuwa juu au chini. Kalenda hiyo ilikuwa na mapengo mengi, usiku wa mawingu na usiku aliolala mapema, lakini yale mapengo yalimfundisha kukisia: kwa kutazama umbo la juzi na la leo, alijaribu kuchora kwa penseli hafifu la jana alilolikosa. Nilipomwona akifanya hivyo nilimwita wifi aje ashuhudie.

Si kila mtu aliyekubaliana nasi. Jirani mmoja, mama ninayemheshimu sana, aliniambia waziwazi kwamba watoto wangu wanacheza wakati wenzao wanaandika, na kwamba shule zikifunguliwa nitajuta. Namwelewa. Daftari lililojaa alama za vema huonekana. Bakuli la choroko halionekani. Lakini siwezi kukubaliana na wazo kwamba mtoto wa miaka minne akinakili ukurasa mzima wa herufi "a" ndipo amesoma. Shule zilipofunguliwa, binti yangu hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kwa mwandiko. Kilichomtofautisha, na bado kinamtofautisha leo akiwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, ni kwamba akishindwa jambo hasemi "siwezi" haraka. Anatafuta kitu cha kulijaribia. Alipofundishwa sehemu, alikwenda kwenye kapu la machungwa ya Muheza, akakata moja nusu, nusu akaikata robo, akarudi na daftari lenye madoa.

Kwa mzazi anayefanya kazi kutwa nzima, na mimi ni mmoja wao, muda ndio kizuizi kinachotajwa kwanza. Uzoefu wangu ni kwamba shughuli hizi hazidai muda mpya kwa sababu zimo ndani ya kazi ambazo lazima zifanywe: mchele lazima uchambuliwe, nguo lazima zitenganishwe, vijiko lazima virudishwe mahali pake. Zinachodai ni subira. Mtoto wa miaka mitatu akichambua kunde, kazi ya dakika kumi huwa ya dakika thelathini, na nusu ya kunde huanguka chini. Siku ambazo sina subira hiyo siwaiti, na sioni ubaya wowote, maana mtoto aliyeitwa kisha akaharakishwa hupata somo baya kuliko asiyeitwa. Vilevile mtoto akikataa, tunaacha. Mwanangu wa kiume alikataa kabisa herufi za msasa, alisema zinawasha, tukamwandalia sinia la mchanga laini wa ufukoni, akaandika humo kwa kidole na kufuta kwa kiganja bila kuchoka.

Usalama nauweka mwisho ingawa katika utekelezaji hutangulia. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo komwe, choroko, vifungo na parafujo hashiki bila mtu mzima kukaa naye ana kwa ana, na betri ndogo za duara hazikai kabisa mahali anapofika. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa vizuri tu, hivyo kwa kuchezea tunapendelea choroko au mchele. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji machache yaliyo katika ndoo, kwa hiyo mchezo wa maji ukiisha ndoo inamwagwa papo hapo, kabla ya kufuta sakafu, kabla ya kupokea simu. Jiko la mkaa lina mstari wake uliochorwa kwa chaki uani, na watoto walijifunza kwamba mstari huo hauvukwi mtu mzima asipokuwepo. Vifaa vyenyewe tunavitunza kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, juu ya kabati la Bibi: vifuniko katika kopo moja, komwe katika mfuko wake, herufi za msasa ndani ya bahasha. Watoto huomba kwa Bibi wanapovihitaji, na wakimaliza huvipanga wenyewe kila kitu na mwenzake kabla ya kumrudishia.